Safari Zisizo za Lazima kati ya Malindi na Setilaiti

Kaskazini mwa Malindi, ukishapita Mambrui na Gongoni kisha ukakata kulia kuelekea Ngomeni, kuna antena kubwa ambazo wenyeji wamezizoea kiasi cha kutoziangalia tena. Hicho ni kituo cha anga za juu cha Waitaliano, ambacho kwa jina rasmi huitwa Luigi Broglio ingawa sisi tumekizoea kwa jina la San Marco. Kutoka kwenye jukwaa lake la chuma lililowekwa baharini, roketi za Scout zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988, na mojawapo ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, kwenda kupima miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Roketi zilikoma, lakini antena hazikukoma: setilaiti kama Swift, iliyorushwa mwaka 2004, na NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, zimekuwa zikiteremsha data zao hapa zinapopita juu yetu.

Naitaja Ngomeni kwa sababu ya jambo moja linalofanyika pale ambalo, kwa maoni yangu, ndilo jibu la sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu intaneti ya setilaiti. Setilaiti ya chini, yaani iliyo kilomita mia chache tu juu ya ardhi, huizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kila inapopita juu ya kituo kimoja huonekana kwa dakika zisizozidi kumi na ushei. Hakuna mhandisi anayeketi akiitafuta kwa kubahatisha. Njia yake imekwisha kupigiwa hesabu, antena imekwisha kuelekezwa pembe ambayo itachomoza, na redio imekwisha kupangiwa jinsi masafa ya mawimbi yatakavyobadilika inapokaribia na inapokwenda zake. Dakika zile chache hazitumiki kuulizana “upo?” na “wanisikia?”, hutumika kuteremsha data. Mitandao ya simu na intaneti iliyokuja baadaye ilijengwa kwa desturi tofauti kabisa, ya kuulizana kila hatua, na desturi hiyo haikuwa na gharama kubwa mnara ulipokuwa kilomita chache kutoka mlangoni.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao katika nyumba za wageni, maduka na shule za upande huu wa pwani. Mwalimu mmoja wa shule iliyo mbali na barabara ya lami aliwahi kuniambia, “Fundi, tumeongeza pesa tukapewa kasi maradufu, lakini ukibonyeza ukurasa bado unakaa vile vile kabla haujafunguka. Tumeibiwa?” Nikamjibu, “Hamjaibiwa, Mwalimu. Mlichonunua ni wingi wa data kwa sekunde. Muda wa swali kwenda na jibu kurudi haukuwamo katika bei hiyo.” Hakuridhika, na sikumlaumu, kwa kuwa matangazo yote ya intaneti hutaja megabiti na hayataji milisekunde.

Shule ile ilikuwa ikitumia setilaiti ya juu, ile ambayo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na kuonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Swali linalotoka shuleni hupanda hadi kwenye setilaiti, hushuka hadi kituo cha ardhini, kisha jibu hupanda tena na kushuka tena, na jumla ya safari hizo nne ni zaidi ya kilomita 143,000, yaani karibu nusu sekunde hata kama kompyuta zote zingejibu papo hapo. Kwa watumiaji walio mbali na ikweta muda huo huongezeka, na 3GPP, ushirika wa mashirika yanayoandika viwango vya simu za mkononi, huuhesabu kufikia milisekunde 541. Sisi wa Malindi tuko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo dishi linalotazama setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu huelekea karibu wima juu. Faida yake huonekana zaidi wakati wa masika, kwa sababu mawimbi hayapenyi mvua kwa mshazari mrefu. Nusu sekunde yenyewe haipungui.

Nusu sekunde moja mtu huivumilia. Tatizo ni kwamba hailipwi mara moja. Kabla ukurasa haujaanza kuonekana, kompyuta huuliza kwanza anwani ya seva, ikasubiri jibu. Halafu huanzisha muunganisho wa TCP, yaani utaratibu unaohakikisha kwamba kila data iliyotumwa imefika, ikasubiri. Halafu hukubaliana na seva kuhusu funguo za usimbaji, yaani za kuficha data, na katika itifaki (kanuni za mazungumzo ya kompyuta) ya zamani ya TLS 1.2 makubaliano hayo huchukua safari mbili kamili za kwenda na kurudi. Ndipo sasa ombi la ukurasa wenyewe hutumwa. Hizo ni safari tano, na tano mara nusu sekunde ni sekunde mbili na nusu za kutazama skrini nyeupe, wala hakuna bando, hata liwe kubwa namna gani, litakalozipunguza kwa hata chembe.

Wanaokumbuka posa za zamani baina ya familia ya Malindi na familia ya Siyu, kisiwani Pate, wataelewa upesi. Mshenga akitumwa kwenda kuuliza kama wazee wapo, akarudi. Akatumwa tena kuuliza kama binti hajaposwa, akarudi. Akatumwa mara ya tatu kuuliza mahari, msimu utakwisha na bahari haitakuwa na kosa lolote. Mshenga anayejua kazi yake huondoka na maswali yote, na barua, na idhini ya kujibu.

Hicho ndicho walichokifanya waandishi wa itifaki mpya. TLS 1.3, iliyokamilishwa mwaka 2018, ilipunguza makubaliano ya funguo kutoka safari mbili hadi moja. QUIC, itifaki inayoshika nafasi ya TCP na iliyokuwa kiwango rasmi mwaka 2021, iliunganisha kuanzisha muunganisho na kukubaliana funguo katika safari ile ile, na seva ambayo kompyuta imewahi kuzungumza nayo huweza kupokea ombi katika pakiti ya kwanza kabisa. Safari tano zinakuwa tatu, wakati mwingine mbili. Kwa mtu wa mjini mwenye faiba tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kwa shule ile ni sekunde nzima na zaidi kwa kila tovuti mpya inayofunguliwa.

TCP ina hila nyingine ambayo hupoteza uwezo wa setilaiti kimyakimya. Mtumaji haruhusiwi kutuma zaidi ya kiasi fulani kabla hajathibitishiwa kwamba kilichotangulia kimefika, na katika muundo wa awali kiasi hicho hakikuweza kuzidi baiti 65,535. Ukituma baiti hizo na kusubiri zaidi ya nusu sekunde ndipo utume nyingine, huwezi kuvuka takribani megabiti moja kwa sekunde, hata kama umelipia ishirini. Dawa yake, yaani kuruhusu kiasi hicho kikuzwe, iliandikwa tangu mwaka 1992 na kompyuta za leo zinayo, lakini bado vifaa vya zamani na mipangilio mibovu ya ruta huirudisha shida hiyo, na mwenye kifaa hubaki akiilaumu kampuni ya setilaiti.

Kampuni za setilaiti za juu zilibuni suluhisho la aina yake: vifaa viwili, kimoja kwa mteja na kimoja kwenye kituo cha ardhini, ambavyo hujifanya kuwa ndio seva. Kile cha kwa mteja huithibitishia kompyuta kwamba data imefika, ilhali kwa kweli bado iko angani, na hivyo kompyuta huendelea kutuma bila kusubiri. Ni udanganyifu wenye manufaa. Ila udanganyifu huo huhitaji kuona ndani ya TCP, na QUIC husimba hata zile taarifa za uthibitisho, kwa hiyo itifaki ile ile iliyotuokolea safari mbili mwanzoni huwafumba macho wasaidizi hawa baadaye. VPN, yaani njia ya siri inayosimba mawasiliano yote ya kompyuta, nayo hufanya vivyo hivyo. Nimekuta ofisi ambayo kila kompyuta ilipitishwa kwenye VPN kwa amri ya makao makuu yaliyo mbali, na intaneti yake ya setilaiti ilikuwa nzito kuliko ya jirani mwenye bando dogo zaidi. Mtu anayekuambia kwamba QUIC ni bora daima, au kwamba VPN haina gharama, hajawahi kufanya kazi chini ya dishi.

Hadi hapa nimezungumzia muda unaopotea. Uwezo wa setilaiti nao hupotea, na mara nyingi hupotea kwa sababu ile ile. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, kwa utaratibu uliokuja kuitwa ALOHA: kila kituo hutuma kinapotaka, na viwili vikigongana, kila kimoja husubiri kwa muda wa kubahatisha kisha hujaribu tena. Hesabu ilionyesha kwamba utaratibu huo hauwezi kutumia vizuri zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wa njia, na ukiwalazimisha wote waanze kutuma kwenye mipaka ya vipande vya muda vilivyopangwa, asilimia 37. Kilichobaki ni migongano na ukimya. Kwenye setilaiti ya juu mgongano una uchungu zaidi, kwa sababu modemu haijui kwamba imegongana mpaka nusu sekunde ipite bila jibu.

Njia ya pili ni kuomba nafasi kwanza. Modemu hutuma ombi dogo, kituo huipangia vipande vyake vya muda, ndipo itume. Hakuna mgongano tena, lakini kila ujumbe unaoanza hulipa safari nzima ya kuomba kabla ya safari ya kutumwa, na kwa ujumbe mfupi, kama ule wa kuthibitisha malipo dukani, kuomba huchukua muda mrefu kuliko jambo lenyewe. Kwa hiyo mitandao mizuri huchanganya: wanaotuma mfululizo huomba nafasi, vipande vinavyobaki hugawiwa bila kuombwa, na ujumbe mfupi hutumwa kwa kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya walitoa mbinu ambayo mimi huihesabu kati ya zile nzuri zaidi katika fani hii. Kila modemu hutuma nakala mbili za ujumbe wake katika vipande viwili tofauti, na kila nakala hutaja mwenzake yuko wapi. Kituo kikiipata nakala moja safi, kinajua nakala ya pili ilikuwa na sauti gani, hivyo huitoa katika kipande ilikogongana na mwingine, na mwingine huyo naye husomeka. Kutuma mara mbili, jambo ambalo linaonekana kuwa ubadhirifu, hupandisha matumizi ya njia hadi zaidi ya nusu, bila mtu yeyote kurudi kuuliza.

Sasa setilaiti za chini zimekuja, na wengi hudhani habari imekwisha. Kwenye kilomita 600, safari ya kwenda na kurudi kupitia kituo cha ardhini haizidi milisekunde 26 kwa hesabu ya 3GPP, na safari zile tano za kufungua ukurasa hazifiki hata sehemu ya saba ya sekunde. Huduma ya Starlink ilipoanza Kenya mwaka 2023, nyumba za wageni za hapa zilikuwa miongoni mwa wateja walioelewa upesi tofauti hiyo, kwa kuwa mgeni anayezungumza na familia yake kwa video hahitaji kuelezwa kuhusu milisekunde. Hata hivyo, kilichoondoka upande wa umbali kimerudi upande wa mwendo. Setilaiti ya namna hiyo hukimbia kilomita saba na nusu kwa sekunde. Mwale wake (eneo la ardhi ambalo ishara zake hulifikia) wenye upana wa kilomita 50, kama umefungwa kwenye setilaiti na hauzungushwi kufuata ardhi, huupita mji wa Malindi wote kwa chini ya sekunde saba, kisha mji mzima huwa mikononi mwa mwale mwingine.

Ugumu huu huonekana zaidi simu ya kawaida inapotaka kuzungumza na setilaiti moja kwa moja, bila dishi. Simu ikiomba kuingia kwenye mnara, hutuma ishara fupi kisha hufungua masikio kwa milisekunde chache, ikitarajia jibu. Mnara ukiwa Mambrui na simu ikiwa Mambrui, jibu hurudi kwa wakati. Setilaiti ikiwa ya juu, masikio hufungwa kabla jibu halijafika hata nusu ya njia. Simu hudhani haikusikika, huongeza nguvu na kutuma tena, na tena, mpaka betri ipungue na njia ya kuombea ijae ishara za simu ambazo tayari zimekwisha kusikika. Mtu anaweza kushauri masikio yaachwe wazi kwa nusu sekunde nzima, lakini kusikiliza nako hula betri, na simu nayo haitajua jibu linalofika ni la ombi lipi. Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, lililokamilishwa mwaka 2022, lilichagua njia ya Ngomeni. Setilaiti hutangazia simu zote kwa pamoja mahali ilipo na mwendo wake. Simu inajua mahali ilipo yenyewe kwa GPS. Kutokana na mawili hayo hupiga hesabu ya umbali, hutanguliza muda wa kutuma kwa kiasi kinachofaa, hurekebisha masafa yake kabla, na hufungua masikio wakati ule tu ambapo jibu linaweza kufika.

Marekebisho ya masafa si jambo dogo. Kwenye masafa ya gigahezi 2, mwendo wa setilaiti iliyo kilomita 600 huweza kuhamisha ishara kwa kilohezi 48 hivi, ilhali vijia ambamo data hupangwa hutengana kwa kilohezi 15 tu katika mpangilio wa kawaida. Simu isiyofanya hesabu hiyo mapema humwagikia vijia vya majirani zake, na uwezo unaoharibika si wake peke yake. Tangazo moja linalosikika na maelfu ya simu huokoa maelfu ya maswali, na hapo ndipo ninapoona kwamba kupunguza kuchelewa na kupunguza ubadhirifu ni kazi ile ile.

Upande wa kusahihisha makosa, hesabu ni ya kutisha zaidi. Simu na mnara hutumia utaratibu ambao kila furushi la data husubiri kuthibitishwa, na likiharibika hutumwa tena. Ili wasikae bure wakisubiri, huendesha mafurushi 16 kwa zamu. Vipande vya muda vikiwa vya milisekunde moja na jibu likichukua milisekunde 541, simu hutuma kwa milisekunde 16 kisha hunyamaza mpaka majibu yarudi: inatumia asilimia tatu tu ya muda wake. Toleo la 17 liliongeza zamu hadi 32, kiasi kinachotosha setilaiti za chini lakini hakisaidii sana za juu, na likaruhusu kuzima kabisa uthibitisho wa hatua hiyo. Furushi likipotea, tabaka la juu la itifaki litaliomba tena, polepole. Badala yake hutumiwa usimbaji imara zaidi wa kusahihisha makosa tangu mwanzo, ambao hugharimu sehemu ya uwezo kwa kila furushi. Naafiki uamuzi huo kwa setilaiti za juu. Kwa za chini sioni sababu ya kuuzima uthibitisho, isipokuwa kwa sauti na video za papo hapo, ambako furushi lililochelewa halina maana tena.

Kuhusu kuhama kutoka mwale mmoja kwenda mwingine, utaratibu wa zamani ulikuwa simu kupima nguvu ya ishara, kuripoti, kusubiri amri, kisha kuhama, na simu za mji mzima zikifanya hivyo ndani ya sekunde saba, amri zenyewe zingeijaza njia. Sasa simu inaweza kupewa amri mapema pamoja na sharti la muda au la mahali: ikifika wakati fulani, hamia kule. Toleo la 18 liliendelea mbele kwa kuruhusu simu kuhama bila hata kupitia hatua ya kuomba kuingia upya, kwa kuwa muda wa kutanguliza umekwisha kujulikana. Vilevile maeneo ambamo simu hutafutwa inapopigiwa yamefungwa kwenye ardhi badala ya kwenye mwale, ili mvuvi aliyetulia Ngomeni asilazimike kuutangazia mtandao kila dakika kwamba amehama, ilhali ni mbingu iliyohama.

Mwalimu yule nilimfanyia yaliyowezekana bila kungoja viwango vipya. Niliweka seva ndogo shuleni inayohifadhi majibu ya anwani, ili safari ya kwanza isirudiwe na kila mwanafunzi. Masasisho ya kompyuta na simu yalihamishiwa usiku, kwa sababu foleni ndefu ndani ya ruta huongeza kuchelewa juu ya kule kwa setilaiti, na foleni hiyo ndiyo pekee iliyo mikononi mwetu moja kwa moja. Maktaba ya masomo iliwekwa ndani ya shule badala ya kuvutwa kila siku kutoka ng’ambo. Aliponiuliza kama ahamie setilaiti ya chini nilimwambia ndiyo, akipata pesa, lakini aulize kwanza kituo cha ardhini kiko nchi gani, kwa sababu setilaiti iliyo kilomita 550 juu ya Malindi ikipeleka data zake kwanza bara jingine, milisekunde ulizonunua angani utazirudisha kwenye kebo za baharini. Baada ya hapo tukarudi kwenye bei ya dishi, ambayo shule ilikuwa bado haijaipata.